Fangasi wa damu, ukungu machoni

SWALI: Daktari, habari za kazi. Mama yangu ana miaka 61 na kisukari. Alipasuliwa utumbo akalazwa wiki tatu, akilishwa kwa mpira wa mshipa wa shingoni. Damu yake ilioteshwa ikaonyesha fangasi. Ameruhusiwa, ila siku ya nne sasa jicho la kushoto lina ukungu na anaona vidoa vyeusi vinaelea. Halimuumi. Duka la dawa wamempa matone. Tusubiri kliniki ya mwezi ujao?
Msomaji, Sakina, Arusha

JIBU: Pole kwa kuuguza. Msisubiri, mpelekeni leo kwa daktari bingwa wa macho. Mkimkosa Arusha, nendeni idara ya macho ya hospitali ya KCMC, Moshi, kilomita 80 hivi.

Kandida, aina ya fangasi anayeonekana mara nyingi kwenye damu ya wagonjwa kama mama, akiingia kwenye damu hufika mishipa midogo ya nyuma ya jicho, akajishikiza kwenye retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga), kisha akapenya kwenye ute unaolijaza jicho. Bakteria huja kwa kishindo: maumivu, wekundu, pengine upofu ndani ya siku moja au mbili. Kandida hunyemelea, kwa hiyo kutouma kusiwatulize.

Matone ya dukani hayafiki kwenye ute huo. Yakiwa na steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe na wekundu) ndiyo mabaya zaidi: jicho linatakata, fangasi wanaendelea.

Bebeni majibu ya damu na orodha ya dawa alizopewa wodini. Kama alitibiwa kwa dawa za fangasi za kaspofungini au mikafungini, lisemeni hilo mapema, kwani haziingii vizuri jichoni. Damu inaweza kusafika jicho likabaki na wadudu. Daktari atapanua mboni na kukagua macho yote mawili. Ute ukiwa umeingiliwa, atavuta mililita 0.1 hadi 0.2 kwa ajili ya maabara na kuchoma dawa humo humo, kwa kawaida mikrogramu 100 za vorikonazo au 5 hadi 10 za amfoterisini B. Inatisha kusikia, lakini jicho hutiwa ganzi.

Dawa ya mwili mzima, mara nyingi flukonazo, huendelea angalau wiki 4 hadi 6. Wengi huacha wakishaona vizuri, nayo maambukizi yanarudi. Mwambieni daktari hali ya figo zake, maana dozi huzitegemea. Na kama anameza dawa ya kisukari ya glibenklamidi, pimeni sukari mara kwa mara: flukonazo huiongezea nguvu, sukari ikashuka ghafla.

Kwa wenye wagonjwa wodini: kandida akionekana kwenye damu, ombeni macho yakaguliwe ndani ya wiki ya kwanza, hata mgonjwa asipolalamika. Aliye mahututi hawezi kusema haoni.