Jibu kwa muuguzi anayepokea wateja wa kituo kilichofungwa

Dada muuguzi, umeeleza kwamba kituo cha jamii kilichokuwa kikiwahudumia wapenzi wa jinsia moja na watu waliobadili jinsia kimefungwa, wateja wake wameelekezwa kwenye kliniki yenu ya hospitali ya serikali, na hujui uanzie wapi wala msaada uuombe kwa nani. Mimi ni afisa wa kliniki hapa Pwani ya Kenya na sehemu kubwa ya kazi yangu imekuwa CCC, yaani kliniki ya wanaoishi na VVU, kwa hiyo nitakujibu kwa yale niliyoyafanya na kuyaona mwenyewe.

Serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake Januari 2025, vituo vingi vya aina hiyo vilifungwa au vikapunguza huduma, na hata kibali cha muda kilichofuata kiliruhusu fedha za PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI, zigharamie PrEP, dawa za kujikinga na VVU, kwa wajawazito na wanaonyonyesha pekee. Watu waliozoea kupokewa na mhudumu anayewafahamu sasa wanatakiwa wakae benchi moja na majirani zao wa mtaani.

Kwa sababu hiyo nakusihi uanze na benchi hilo kabla ya kufikiria dawa. Keti mapokezi asubuhi moja umsikilize karani: anaita kwa sauti jina lililo kwenye kitambulisho, anayesimama sura yake hailingani na jina, karani analirudia kwa mshangao, na benchi zima linageuka kutazama. Mtu huyo akiondoka hapo harudi tena, na ARV zake, dawa za kudhibiti VVU, zinakatika. Kwetu tulikubaliana kwamba wagonjwa wote, bila kumtenga yeyote, wataitwa kwa nambari ya faili, na jina ambalo mgonjwa anapenda kuitwa litaandikwa ndani ya faili, si juu ya jalada. Halikutugharimu chochote.

Mkiwa chumbani funga mlango, kisha muulize kila mgonjwa swali lilelile kwa sauti ileile: wapenzi wako ni wanaume, ni wanawake, au wote? Namkumbuka kijana aliyefika akilalamikia tumbo, naye alikwisha kupewa dawa ya minyoo kwingine. Nilipomuuliza swali hilo alinyamaza kitambo, kisha akataka kujua nitakachoandika kitasomwa na nani. Nilimgeuzia faili aisome mwenyewe. Ndipo aliposema kwamba anatokwa na usaha kwenye njia ya haja kubwa. Kisonono na klamidia za sehemu hiyo, na za kooni pia, mara nyingi hazioneshi dalili yoyote, na sisi tunaotibu kwa kufuata dalili huzikosa kabisa tusipouliza.

Wanawake wanaopenda wanawake husahaulika zaidi, kwa kuwa hawaji kliniki ya uzazi wa mpango, na huko ndiko wengi hukumbushwa uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi. Virusi vya HPV, vinavyosababisha saratani hiyo, huambukizwa hata kati ya wanawake wawili, kwa hiyo nao wanahitaji uchunguzi huo kama wengine.

Umeuliza pia kama sheria itakushika. Vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu bado vipo, na Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta Mei 2019, lakini vinahusu tendo la ngono la jinsia moja, wala havimkatazi muuguzi kutibu. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya huduma za afya. Polisi wakikuletea mtu wakitaka umkague kwa nguvu sehemu za siri ili wapate ushahidi wa ushoga, kataa: Mahakama ya Rufaa ya Mombasa ilitamka mwaka 2018 kwamba ukaguzi huo ni kinyume cha sheria, na chama cha madaktari cha Kenya kilikuwa kimeupinga mwaka uliotangulia.

Kuhusu msaada, mtafute kwanza CASCO, yaani mratibu wa UKIMWI na magonjwa ya zinaa wa kaunti yako, umwombe mwongozo wa NASCOP, mpango wa taifa wa kudhibiti magonjwa hayo, wa kuyahudumia makundi haya, usome pia ule wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2022. Watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, kule Kilifi waliwahi kuwapa wahudumu wa afya wa Pwani mafunzo ya kuwahudumia wanaume wanaoshiriki ngono na wanaume, na wengi walibadili mtazamo wao. Ulizia kama wapo wenzako waliopitia mafunzo hayo, kwa maana mtu wa kumpigia simu saa tano asubuhi, mgonjwa akiwa mbele yako, anafaa kuliko kitabu. Waelimishaji rika wa kile kituo kilichofungwa usiwapoteze. Hao ndio wanaojua nani ameacha dawa na anaishi wapi, na hapa kwetu hatujapata mbadala wao.

Wenzako watakusema. Mimi nimesemwa kwenye chumba cha chai na hata katika ndoa ya jamaa yangu, na jambo hilo huchosha kuliko foleni ndefu. Mwombe msimamizi wako kikao cha kila mwezi na mshauri nasaha, mkae naye ninyi watumishi, kabla hamjachoka kabisa.

Lakini akija wiki hii mtu aliyekatiza ARV, usingoje mafunzo wala kikao. Mpime, mrudishie dawa siku hiyohiyo kadiri mwongozo unavyoruhusu, na umwandikie tarehe ya kurudi ambayo wewe mwenyewe utakuwa zamu.