Mnaoanza kriketi, mwangalieni Chanderpaul (ila sio kwa kila kitu)

Wadogo zangu, kila msimu wakija wapya swali ni lile lile, kaka nimwangalie mchezaji gani YouTube ili nijue kubati, na wote wanategemea niseme Chris Gayle au Brian Lara maana ndio majina wanayoyajua. Mimi nasema Shivnarine Chanderpaul, wa Guyana. Wanaenda kuangalia wanarudi wanacheka, kaka huyu mbona amesimama kama mtu anayechungulia dirishani?

Ni kweli anasimama vibaya. Anabati kwa kushoto, na badala ya kukaa kiupandeupande kama makocha wote tunavyofundisha, yeye kifua kimemkabili mrushaji, miguu imefunguka, bati liko hewani huko, chini ya macho kabandika vile vibandiko vyeusi vya kuzuia mng'ao wa jua. Ukimpiga picha hapo unasema huyu hajui kitu. Sasa msisimamishe video hapo, iacheni iende taratibu mpaka mpira unapomfikia: kasogea, mwili umeshakaa sawa, kichwa kimetulia juu ya mpira, bati linashuka limenyooka. Yaani anaanza kwa fujo anamaliza kama kitabu. Wengi wenu mnafanya kinyume chake, mnasimama vizuri kama mnapigwa picha ya pasipoti halafu mpira ukija kichwa kinaenda kushoto, bati kulia. Mimi mtoto akikosea kwenye neti siangalii miguu kwanza, naangalia kichwa kiko wapi mpira unapogusa bati, mengine yanafuata.

Kwa kusimama hivyo hivyo jamaa kacheza mechi za Tesiti 164 kuanzia 1994 mpaka 2015, mikimbio (ndio pointi za kriketi) 11,867, wastani 51.37 kwa kila anapotolewa, senchuri 30, yaani mara 30 alifika mikimbio 100 au zaidi. Kwa wasiojua, mechi ya Tesiti ni ile ya siku tano, na wastani ukizidi 50 kwa miaka yote hiyo wewe ni wa daraja la juu kabisa duniani. Na kumbukeni timu yake ya West Indies sio nchi moja, ni Jamaica, Barbados, Trinidad na Tobago, Guyana na visiwa kadhaa vya Karibiani wameungana kwenye kriketi tu, kwa hiyo ukitoka Guyana unagombea nafasi na vijana wa nchi kibao.

Alikotoka ni Unity, kijiji cha pwani huko Guyana. Baba yake Khemraj ndiye alikuwa kocha wake wa kwanza, na watu wa kijijini wakawa wanamrushia mipira dogo, anabati tu. Hapo hakuna siri. Wazazi huwa wananiuliza akademi gani nzuri, nawajibu mtafutieni kwanza watu watatu wa kumrushia mipira kila jioni, akademi baadaye. Akiwa na miaka 19 akaitwa kucheza Tesiti ya kwanza dhidi ya Uingereza, uwanja wa Bourda pale Georgetown, nyumbani kwao kabisa, akapiga 62.

Sasa jambo ninalotaka mlishike, kwa sababu ndilo wapya hawalielewi. Kazi ya mpigaji sio kupiga. Kazi ni kubaki. Mwaka 2002 kwenye mfululizo wa mechi dhidi ya India jamaa alikaa dakika 1,513 bila kutolewa, hizo ni zaidi ya saa 25 za kubati, ukitoa mapumziko na kulala bila shaka, innings moja (zamu ya kubati) inaisha hajatoka, anakuja nyingine hajatoka. Wahindi walijaribu kila kitu. Na ukiangalia alivyokuwa anafanya utaona mipira mingi haigusi kabisa, anaiacha ipite. Kuacha mpira ni ufundi, tena mgumu kuliko kupiga, kwa sababu inabidi ujue kijiti cha pembeni, kati ya vile vitatu vya nyuma yako unavyovilinda, kiko wapi bila kugeuka kukiangalia.

Ndio maana alikuwa na ule utaratibu wake ambao watu waliuona kama vituko. Akifika kwenye wiketi anachukua beili, kile kijiti kidogo cha juu, anakiweka ardhini pale anapotaka kusimama, anageuza bati anakigongelea kwa mpini mpaka kinaacha alama. Halafu anakirudisha. Basi hapo ndio nyumbani kwake, kila mpira anaupimia kutoka hapo. Sisi tunaochezea kwenye mkeka huwezi kugongelea kitu, tumieni chaki, ila mchore, msisimame kwa kukadiria. Nimesimama kama mwamuzi mechi nyingi za vijana na nawaambia nusu ya wanaotolewa kwenye mipira mitatu ya kwanza hawakumuuliza mwamuzi hata mstari wa kusimama, kaingia, kasimama popote, kwaheri.

Halafu kuna watu wanadhani mtu wa kubaki hajui kupiga. Aprili 2003, Georgetown, Australia wale wa moto kabisa, West Indies wameshapoteza wiketi tano mapema (yaani wapigaji watano wameshatolewa), jamaa akaingia akapiga senchuri kwa mipira 69. Mwezi uliofuata Antigua akapiga 104 timu yake ikafukuzia mikimbio 418 ikazipata, rekodi ya Tesiti mpaka leo. Na ile ya Port of Spain Aprili 2008 dhidi ya Sri Lanka itafuteni usiku huu: imebaki mipira miwili inatakiwa mikimbio 10, anayerusha ni Chaminda Vaas, mzee mwenye akili nyingi, Chanderpaul akapiga wa kwanza nne, wa mwisho sita. Mechi imeisha. Huwezi kufanya vile kama hupo pale mpaka mpira wa mwisho, narudia tena, kubaki.

Kupoteza nako kupo. Kombe la Dunia 1996 majirani zetu Wakenya chini ya Maurice Odumbe waliwafunga West Indies pale Pune, India, wakawatoa wapigaji wao wote kwa mikimbio 93, Kenya walikuwa na 166 tu, na nyota wa West Indies wamo, Lara yumo, Richardson yumo, Ambrose na Walsh wamo. Chanderpaul alipata 19 na ndiye aliyepata nyingi! Wiki mbili baadaye nusu fainali dhidi ya Australia akapiga 80, timu ikawa 165 kwa wiketi mbili, wanataka 208, nani angeweka hela kwamba watashindwa? Akatoka, wenzake wakaporomoka, wakashindwa kwa mikimbio 5. Alikuwa na miaka 21. Mimi nawapenda wachezaji wa aina hiyo, anafungwa na timu ndogo dunia nzima inacheka, mechi kubwa ikija yumo.

Tuje kwenye hela maana najua ndio mnasubiri. Mchezaji wa Karibiani maisha yake ni ya kusafiri, kwao msimu ukiisha anaenda Uingereza kuchezea kaunti (timu za mikoa ya kule), Chanderpaul alipita Durham, Lancashire, Warwickshire na Derbyshire, baridi na mvua ya Aprili kule sio mchezo kwa mtu wa Guyana. Mwili ndio mtaji. Na kwenye mambo ya mikataba someni historia yao. Novemba 2008 tajiri mmoja Mmarekani, Allen Stanford, aliandaa mechi moja fupi ya ova 20 (ova moja ni mipira sita) Antigua, timu yake ya wachezaji wa Karibiani dhidi ya Uingereza, dau dola milioni 20, kila aliyecheza upande wa washindi anachukua milioni moja. Uingereza wakatolewa wote kwa mikimbio 99, Gayle na mwenzake Fletcher wakazimaliza wenyewe bila wiketi kuanguka, Chanderpaul alikuwemo kwenye kikosi na hakuingia hata kubati. Milioni ya dola kwa kudaka daka tu! Mwaka uliofuata Stanford akakamatwa, kumbe biashara yake ilikuwa upatu mtupu wa mabilioni, 2012 akafungwa miaka 110, na kuna wachezaji waliripotiwa kuwa walishazirudisha zile hela kwake kama uwekezaji. Aliyekupa hela asiwe ndiye anayekutunzia hela, hata kama ni mtu mwema wa mtaani kwenu.

Oktoba 2014 nayo isomeni. Timu ya West Indies iko India katikati ya ziara, wachezaji wakagoma kuendelea, wakapanda ndege wakarudi, kwa sababu chama chao kilikuwa kimesaini na bodi makubaliano ya malipo ambayo wao wanasema hawakuyakubali. Mimi sitaki kusema nani alikuwa na haki, ila anayesaini kwa niaba yako umjue, na karatasi uione kabla hujafunga mabegi.

Kuhusu unahodha niseme kidogo tu. Alipewa 2005, mechi ya kwanza akapiga 203 bila kutolewa, watu wakadhani wamepata, akaongoza Tesiti 14 akashinda moja, 2006 akaachia akarudi kubati. Ukinyimwa kitambaa usinune.

Mwisho wake haukuwa mzuri na hili nawaambia wanaofikiri ukifanya kazi vizuri utaagwa vizuri. 2015 alicheza mechi tatu dhidi ya Uingereza akapata mikimbio 92 jumla, ana miaka 40, wateuzi chini ya Clive Lloyd wakamwacha. Alibakiza 86 tu kumfikia Lara kwenye orodha ya mikimbio ya wachezaji wa West Indies. Aliomba angalau mfululizo mmoja wa kuaga, wakakataa, Januari 2016 akatangaza kustaafu. Kuna wanaosema alionewa, mimi naona wateuzi walikuwa na hoja kwenye namba, ila namna walivyofanya ilikuwa baridi mno kwa mtu wa miaka 21 ya utumishi. Yeye hakukaa kulia, akarudi kaunti akaendelea kubati akiwa amepita 40. Na mwanae Tagenarine, ambaye walishacheza pamoja timu ya Guyana, Februari 2023 alipiga 207 bila kutolewa Bulawayo dhidi ya Zimbabwe. Kampita baba na ile 203 yake kwa nne. Sijui nyumbani kwao walipongezanaje.

Sasa msichotakiwa kumwiga. Mei 2008, Kingston, Brett Lee wa Australia alimrushia baunsa (mpira unaodunda mpaka usawa wa kichwa) ikampata nyuma ya helmeti akiwa na 86. Akaanguka chini, akalala pale hatikisiki, watu wote uwanjani wakaogopa, baada ya dakika kadhaa akanyanyuka, akaendelea kubati, akafika 118. Watu wanaisimulia kama ushujaa na mimi moyo wangu unaelewa kwa nini. Lakini kwenye mazoezi yangu ukipigwa kichwani unatoka, hujadiliani na mimi, hata kama umebakiza mkimbio mmoja kwenye senchuri. Tangu 2019 sheria za kimataifa zinaruhusu mchezaji aliyepigwa kichwani abadilishwe na mwingine, kwa hiyo timu hata haipungukiwi.

Jumamosi basi, wapya mje mapema kabla jua halijawa kali, tutaanza na kuacha mipira, saa nzima, najua mtaona inachosha. Pedi na helmeti zipo za kuazimana. Ile kinga ya sehemu za siri kila mtu aje na yake, hiyo haiazimwi.