Ndugu yako yuko ICU: maswali yenu

Baba katolewa ICU (chumba cha wagonjwa mahututi), kapelekwa HDU (chumba cha uangalizi wa karibu, hatua moja chini ya ICU). Amepata nafuu kweli, au wanahitaji kitanda?

Mara nyingi ni nafuu. ICU ni ya anayepumuliwa na mashine, au ambaye viungo kadhaa vimeshindwa kazi kwa pamoja. Inatakiwa muuguzi mmoja kwa mgonjwa mmoja. HDU muuguzi mmoja huangalia wawili. Muulizeni daktari mambo mawili: anapumua mwenyewe tangu lini, na presha imetulia bila dawa?

Mama yuko kwenye mashine ya kupumulia. Nimemletea uji, nesi kaukataa. Atapona vipi bila kula?

Anakula. Ule mpira mwembamba uliopita puani hadi tumboni ndio njia ya chakula chake. Kwa kawaida huanza kulishwa ndani ya saa 24 hadi 48, presha ikishatulia, kwa mililita chache zinazoongezwa taratibu. Uji wa kijiko ni hatari kubwa: dawa za usingizi zimelegeza koo, na mpira wa hewa ulio mdomoni hauachi nafasi ya kumeza. Uji ukiingia mapafuni, nimonia inafuata. Kwa sababu hiyohiyo kichwa cha kitanda huinuliwa nyuzi 30 hadi 45. Ukimkuta amelazwa chali kabisa, usikiinue mwenyewe, uliza; huenda presha imeshuka au uti wa mgongo umeumia. Na tunawaomba sana: hata mpira wa hewa ukishatolewa, msikimbilie kumnywesha. Apimwe kwanza kumeza. Akikohoa au sauti ikawa ya majimaji, koo bado.

Mashine zinalia, wauguzi hawashtuki. Ni uzembe?

Mara nyingi kifaa cha kidoleni kinachopima oksijeni kimechomoka, au kidole kina baridi. Muuguzi anaisoma milio ile kwa kumtazama mgonjwa. Lakini oksijeni ikishuka chini ya asilimia 90 na kifaa kimekaa sawasawa, mwite hapohapo. Msibonyeze kitufe cha kunyamazisha.

Kaka anaona wadudu ukutani, na mikono imefungwa. Kapata kichaa?

Hapana. Ni kuchanganyikiwa kunakowapata wengi ICU kwa sababu ya maambukizi, dawa na kukosa usingizi, na kwa wengi hupungua ugonjwa ukidhibitiwa. Mikono hufungwa asichomoe mipira, na inapaswa kufunguliwa hatari hiyo ikiisha. Msibishane naye kuhusu wadudu. Mtajieni siku, mahali alipo na nani yuko naye, kisha mleteeni miwani yake.