Mbona sentrifuji inambana mtu ukutani ilhali mchapuko unaelekea katikati?

Swali: Darasani tulifundishwa kuwa mchapuko (badiliko la kasi au mwelekeo) wa kitu kinachozunguka unaelekea kitovuni. Lakini mtu aliyemo ndani ya sentrifuji, yaani mashine inayozungushwa kwa kasi, hubanwa kwenye ukuta wa nje. Imekuwaje? Na chombo cha anga kikizungushwa, waliomo watapata uzito kweli?

Jibu: Mwalimu wako yuko sahihi, na aliyebanwa naye hadanganyi. Mwili ulio kwenye mwendo huendelea kwa mstari mnyoofu mpaka kitu kiuzuie. Hapa kizuizi ni ukuta: muda wote unamsukuma mtu kuelekea kitovuni ili kumpindisha njia. Anachokisikia mgongoni ni msukumo huo. Hakuna kitu kinachomvuta kuelekea nje.

Uzito unaouhisi ukiwa umekaa hapo nao ni kiti kinachokusukuma juu. Wanaanga walio kilomita 400 juu wanaelea, ingawa mvutano wa dunia huko bado ni karibu asilimia 90 ya huu wetu, kwa sababu wanaanguka pamoja na chombo chao na hakuna sakafu inayowasukuma. Wape chombo kinachozunguka, ambacho ukuta wake wa nje ndio sakafu, nao watasimama. Kwa hiyo ndiyo, uzito huo ni wa kweli kwa miguu na mifupa.

Ugumu uko kwenye ukubwa. Mchapuko ni nusukipenyo mara mraba wa kasi ya mzunguko, kwa radiani kwa sekunde (mzunguko mmoja ni radiani 6.28 hivi). Nusukipenyo kikiwa mita 10, kufikia mita 9.8 kwa sekunde mraba, sawa na mvutano wa dunia ardhini, kunahitaji mizunguko 9.5 hivi kwa dakika. Mtu wa mita 1.7 akisimama humo, kichwa chake kinapata asilimia 83 tu ya kile kinachopatikana miguuni. Akiachia mpira kutoka mita 1.5, utatua kama sentimita 65 nyuma yake, kule sakafu inakotokea. Akigeuza kichwa ghafla, sikio la ndani, linalotunza usawa wa mwili, linavurugika na kichefuchefu kinaanza. Mimi hili ndilo naliona zito kuliko yote. Ukitaka mizunguko 2 tu kwa dakika, nusukipenyo kinafika mita 224.

Jambo hili limewahi kujaribiwa angani. Mwaka 1966 wanaanga wa Marekani Conrad na Gordon, wakiwa ndani ya chombo cha Gemini 11, walikiunganisha chombo chao na roketi ya Agena kwa kamba ya mita 30, wakavizungusha polepole. Miili yao haikuhisi chochote, lakini kamera waliyoiachia ilisogea yenyewe kuelekea nyuma ya chumba.