Kuitungia hadithi lugha yake: maswali na majibu

Naandika hadithi ya wavuvi wachache wa kisiwa cha kubuni karibu na Pemba. Nataka lugha yao isikike ngeni. Niitie vidoko, yaani sauti za kualisha ulimi? (Msomaji, Wete)

Vidoko tunavyo Afrika Mashariki: Wasandawe na Wahadza wa Tanzania Bara wanavyo, na Wadahalo wa pwani ya Kenya pia. Lakini wavuvi wako wanauziana samaki na Wapemba na kuoana nao, kwa hiyo ugeni wao utafute karibu. Badilisha sauti moja, kisha uifuate kanuni yake kila inapokwenda. Sikiliza Kimvita, lahaja ya Mombasa: macho yetu kwao ni mato, kucheka ni kuteka, kuchinja ni kutinda. Lakini chakula kinabaki chakula, kwa sababu ch ile imetokana na ki- ya ngeli, haina asili moja na zile nyingine. Hapo ndipo utamu ulipo! Kanuni ina mipaka, na mipaka ina sababu. Ukiandika mato ukurasa huu na kucheka ukurasa wa pili bila sababu, msomaji ataona umebahatisha.

Lazima iwe na ngeli? (Msomaji, Chake Chake)

Si lazima. Zamenhof alipokitoa Kiesperanto, lugha aliyoibuni mwenyewe, mwaka 1887 hakukipa ngeli. Nomino huishia -o, vivumishi -a, basi. Yeye alitaka lugha ya kujifunza upesi. Wewe unatunga lugha ya watu waliozaliwa nayo, na lugha kama hiyo huwa na mambo yake. Mimi ningeziweka ngeli, halafu ningeuliza: kwa watu hawa, nini kina uhai? Sisi husema "samaki kaja" lakini "ngalawa imekuja". Wao waseme "ngalawa kaja". Kwa neno moja tu umeshatuonyesha wanavyokiona chombo kinachowalisha.

Niiandikeje? (Msomaji, Mkoani)

Kwa herufi hizi hizi. Ukitaka kutenga kaa la moto na kaa wa baharini, ambaye k yake ina pumzi, andika k'aa.

Bibi yangu ni wa Makunduchi. Nikikichukua Kikae, yaani Kimakunduchi, nikakipindua kidogo, si itatosha? (Msomaji, Mjini Unguja)

Tafadhali usifanye hivyo. Kikae kina wenyewe, na wapo hai. Tangu Kiunguja cha mjini kilipochaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, wasemaji wa lahaja nyingine wamechekwa mara nyingi kana kwamba wanakosea, ilhali wanafuata sarufi yao barabara. Ukikipindua, unakipa kicheko kile nguvu mpya. Baraza la Kiswahili Zanzibar (BAKIZA) limetoa kamusi za Kimakunduchi, Kipemba na Kitumbatu. Zisome ujue lahaja inavyojipanga, kisha utunge yako. Na ukitaka Kikae kiwemo hadithini, kiandike Kikae chenyewe, bibi akusahihishe kila sentensi kabla hujachapisha.