Je, moyo huweka akiba ya homoni za hofu?

SWALI: Mimi ni mwendesha bodaboda hapa Arua. Nikiponea ajali chupuchupu, moyo huendelea kudunda hata baada ya hofu kuisha. Mwenzangu anasema homoni za hofu hujaa moyoni na kubaki humo. Ni kweli? Na mairungi yanahusika?

JIBU: Mwenzako amegusa ukweli, ila ghala lenyewe si msuli wa moyo. Ni ncha za neva za simpathetiki (neva zinazouandaa mwili kukabili hatari) zilizotapakaa ndani yake. Ncha hizo hutoa noradrenalini, homoni ya hofu iliyo ndugu wa adrenalini, kisha huivuta tena sehemu kubwa na kuifungia kwenye vifuko vidogo, tayari kwa matumizi mengine. Hunasa pia adrenalini kidogo inayoletwa na damu kutoka tezi zilizo juu ya figo. Seli za msuli nazo hufyonza homoni hizi, lakini huzivunjavunja, hazizihifadhi.

Mwanasayansi Mmarekani Julius Axelrod na wenzake waliwadunga paka noradrenalini yenye mnururisho, wakaikuta imejikusanya moyoni na kwenye bandama; kiungo kilichoondolewa neva zake hakikuweza kuishika. Axelrod alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1970.

Kwa hiyo akiba hiyo usiiogope. Kuvutwa huko ni breki mojawapo ya moyo, na moyo ulioshindwa kufanya kazi vizuri ndio hupungukiwa na akiba. Moyo wako huendelea kudunda kwa sababu ubongo bado unaamrisha neva zimwage noradrenalini; adrenalini ya damuni yenyewe hupungua ndani ya dakika chache.

Mairungi ndiyo tatizo hasa. Kathinoni, kemikali ya kusisimua iliyo kwenye majani yake mabichi, huisukuma noradrenalini itoke vifukoni bila hofu yoyote, mapigo na presha vikapanda. Sudoefedrini, iliyomo kwenye baadhi ya vidonge vya mafua, hufanya vivyo hivyo, kwa hiyo usivichanganye. Amitriptilini, dawa ya mfadhaiko na maumivu ya neva, yenyewe huziba mlango ambao noradrenalini hurudia ndani ya neva. Anayeitumia amwambie daktari wa meno kabla ya sindano ya ganzi, maana nyingi huwa na adrenalini.

Siku nyingine ikitokea, egesha pikipiki, kaa dakika 10, kisha weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono upande wa dole gumba. Hesabu mapigo kwa sekunde 30, zidisha mara 2. Yakizidi 100 kila mara ukiwa umetulia, au yakirukaruka, nenda hospitali ya rufaa upimwe ECG (kipimo cha umeme wa moyo). Kifua kikibana au ukizimia, usingoje kuhesabu.