Soka anaijua, sekunde hazijui

Mhariri, mmeuliza kwa nini nyota wa soka akistaafu na kupewa kipindi cha michezo, mara nyingi hamalizi msimu. Jibu langu: anakalishwa kitini kabla hajajifunza kupimiwa muda.

Mtazameni studioni. Sikioni amevaa kidude kinachomletea sauti ya mwongozaji wa kipindi. Huku anaeleza jinsi beki wa Gor Mahia alivyopigwa chenga, kule sikioni anahesabiwa: kumi, tisa, nane... Ikifika sifuri, sentensi iwe imekwisha. Mgeni wa kazi ama hunyamaza asikilize hesabu, ama huisahau, tangazo likamkata neno likiwa bado mdomoni. Dawa ni saa ya simu: eleza bao moja kwa sekunde 30, kisha 20, kisha 10, na bado sababu ya bao isikike.

Halafu kuna marudio ya picha za tukio. Wengi hutusimulia tunachokiona: "Anapiga krosi, anafunga." Macho tunayo! Mchambuzi arudi pasi mbili tatu nyuma, aonyeshe kiungo gani alichelewa kushuka na nani akaacha mwanya. Hapo ndipo mchezaji wa zamani angemshinda mwanahabari yeyote, na ndipo hasa anapotuambia "vijana wamejituma".

Redio haina huruma kabisa. Aliye ndani ya matatu Thika Road hana picha, kwa hiyo mwambie mpira uko upande gani wa uwanja, nani anao, umbali gani na boksi. Matokeo na dakika yarudiwe kila baada ya dakika mbili hivi, maana yupo aliyefungulia sasa hivi. Kabla ya mechi ya uwanja wa Nyayo andaa karatasi moja: timu mbili kwa rangi mbili, majina yapangwe kwa nafasi uwanjani, si kwa namba za jezi, wa akiba chini. Timu ikiwa ya kigeni, matamshi ya majina yaulizwe kwa maafisa wake mapema.

Mfano wa aliyejifunza kwanza ni Gary Lineker wa Uingereza: alikuwa mfungaji bora wa Kombe la Dunia 1986 kwa mabao 6, na taifa lake alilifungia 48. Alistaafu 1994, ila kiti cha mtangazaji wa Match of the Day, kipindi cha BBC cha muhtasari wa mechi, alikikalia 1999, baada ya kupitia redio na uchambuzi. Akakikalia hadi 2025. Uwanjani hakuwahi kuonyeshwa kadi hata moja. Mitandaoni ndiko alikoponzeka. Machi 2023 alisimamishwa kwa alichoandika kuhusu sera ya wakimbizi, wenzake wakasusia kazi, na kipindi kikarushwa dakika 20 hivi bila mtangazaji wala mchambuzi. Kifungu cha mitandao ya kijamii kwenye mkataba, basi, kipitiwe na wakili kabla ya sahihi.